Ufundi wa Picha za Studio na Hadhi ya Anayepigwa Picha

Miongoni mwa matawi yote ya upigaji picha, lile la studio ndilo linalomnyima fundi visingizio vyote. Mpiga picha wa harusi anaweza kulilaumu jua la saa saba mchana, na mpiga picha wa habari anaweza kuulaumu umati uliomsukuma. Lakini aliyejifungia katika chumba chenye kuta nne, taa zake mwenyewe na pazia alilolitundika kwa mikono yake hana wa kumlaumu, kwa kuwa kila kilichomo ndani ya fremu, yaani ule mstatili unaoitenga picha na ulimwengu uliobaki, kimeingia kwa idhini yake. Ndiyo maana ustadi wa juu katika fani hii haupimwi kwa wingi wa taa wala kwa bei ya lenzi. Hupimwa kwa uwezo wa fundi wa kujibu, kwa kila kivuli, kila mkunjo wa nguo na kila doa la mwanga, kwa nini kipo na kinamtumikia nani; na jibu la swali hilo la mwisho ni moja tu, kwamba kinamtumikia mtu aliyeketi mbele ya kamera, ambaye amekuja akiwa na sura yake aitakayo moyoni na anamwomba fundi aidhihirishe.

Elimu ya studio huanza na mwanga, na mwanga una mambo matatu ambayo fundi huyasoma kabla ya mengine yote: unatoka upande gani, chanzo chake kina ukubwa gani, na kiko umbali gani. Ukubwa ndio unaoamua tabia ya vivuli, kwani chanzo kidogo, mathalani balbu isiyofunikwa, hutoa vivuli vyenye kingo kali na huianika kila chunusi na kila mkunjo, ilhali chanzo kikubwa, kama dirisha pana lililofunikwa kitambaa cheupe au taa iliyopitishwa katika mwavuli, huuzunguka uso kutoka pande nyingi na kuzilainisha kingo za vivuli. Ukubwa unaozungumziwa hapa ni ule unaoonekana kutoka mahali alipo mtu, si ule wa chanzo chenyewe. Jua ni kubwa kupita kiasi, lakini kwa kuwa liko mbali mno huonekana dogo angani na hutoa vivuli vikali, na siku mawingu yanapotanda mbingu nzima hugeuka kuwa chanzo kimoja kipana, na vivuli vikakaribia kutoweka. Fundi aliyelielewa jambo hili hujua kwamba mwavuli uleule uliolainisha uso ukiwa umbali wa mkono mmoja utatoa vivuli vikali ukirudishwa hadi mwisho wa chumba.

Umbali nao una kanuni yake ya hesabu, ambayo wanafizikia huieleza kwa kusema kwamba mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: uso ulio mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga ambao ungeupata kwa mita 1, na ulio mita 3 hupata sehemu moja ya tisa. Kanuni hii ikibaki kitabuni huchosha, lakini ikiingia studio huwa chemchemi ya ubunifu. Taa ikiwekwa mita 1 kutoka usoni, na ukuta mweupe ukawa mita 3 nyuma ya mtu, ukuta huo uko mita 4 kutoka kwenye taa na hupata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga unaoufikia uso, hivyo katika picha huonekana kijivu kilichokolea. Mtu huyo akisogezwa karibu na ukuta, na taa ikarudishwa nyuma, ukuta uleule hurudia weupe wake. Kwa ukuta mmoja na taa moja, bila kugusa kopo la rangi, fundi anaweza kupata weupe wa harusi, ukijivu wa picha ya ofisini, na giza linaloufanya uso uonekane umejitokeza peke yake.

Mwelekeo wa mwanga ndio unaouchonga uso. Taa inapowekwa juu kidogo ya kichwa na upande mmoja, kwa pembe ya takriban digrii 45, upande wa pili wa uso huingia kivulini isipokuwa pembetatu ndogo ya mwanga inayobaki shavuni chini ya jicho, na mpangilio huo umepewa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 aliyeupenda katika picha zake za watu. Taa inapowekwa mbele na juu, kivuli cha pua huanguka moja kwa moja kuelekea mdomoni na mifupa ya mashavu huinuka, na ndiyo maana mpangilio huo ulitumika sana kuwapiga picha waigizaji wa filamu za Hollywood. Mwanafunzi hana budi kuyajua majina ya mipangilio hii, lakini fundi aliyekomaa huyasahau. Yeye hukitazama kivuli cha pua, hutazama kama nukta ya mwanga imeingia katika mboni za macho yote mawili, na humwambia mteja ageuze kidevu polepole mpaka uso wenyewe useme mahali pake.

Historia ya fani hii inathibitisha kwamba elimu ya mwanga ilitangulia umeme. Studio za karne ya 19 zilijengwa kwa paa au ukuta wa kioo ili zikamate mwanga wa mchana, na ile ya mpiga picha Nadar, aliyehamia boulevard des Capucines jijini Paris mwaka 1860, ilijulikana kwa vioo vyake vipana. Nchini Uingereza, Julia Margaret Cameron, aliyepata kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 48, aligeuza banda la kuku lenye vioo kuwa studio, na humo akapiga picha za nyuso ambazo hadi leo zinafundishwa kama kilele cha usanii. Kazi ya kila siku ya hao wote haikutegemea swichi ya kubonyeza. Walikuwa na mapazia ya kufungua na kufunga, na walikuwa na subira.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika ni ule wa mpiga picha Seydou Keïta, aliyezaliwa Bamako, akajifunza useremala akiwa mdogo, na akapewa na jamaa yake wa ukoo kamera ndogo ya Kodak mwaka 1935. Mwaka 1948 alifungua studio yake mjini humo, si mbali na stesheni ya reli, mahali ambapo wasafiri na wenyeji walipita kila siku, na akawa anawapiga picha uani kwa mwanga wa jua. Kamera yake kubwa ilitumia negativu za sentimita 13 kwa 18, yaani bamba ambalo mwanga na giza vimebadilishana nafasi na ambalo picha ya karatasi huchapishwa kutokana nalo. Na kwa kuwa vifaa hivyo vilikuwa ghali, kwa kawaida kila mteja alipigwa mara moja tu. Uchache huo ulikuwa shule. Pembe ya bega, mahali pa mkono, mkunjo wa vazi la boubou, uelekeo wa macho, vyote vilipaswa kuamuliwa kabla ya shata kufunguka, na ndiyo maana katika picha za Keïta hakuna kona iliyosahauliwa. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitandani mwake mwenyewe, na kwa kuwa alibadilisha mapazia kila baada ya miaka michache, baadaye aliweza kukisia mwaka wa picha kwa kutazama maua na mistari iliyo nyuma ya mteja. Zile nakshi za pazia zilipokutana na nakshi za kitenge, fundi aliyelegea angepata vurugu. Keïta alipata muziki, kwa sababu uso na mikono, vikiwa vitulivu katikati ya mistari yote hiyo, ndivyo vilivyobaki kuwa makao ya jicho. Picha hizo zilipoonyeshwa na Fondation Cartier jijini Paris mwaka 1994, walimwengu walizitazama kama kazi za msanii mkubwa, lakini wateja wa Bamako walikuwa wameshaitoa hukumu hiyo miaka arobaini kabla, kwa kupanga foleni.

Hakuna mahali ambapo ustadi wa studio hujulikana upesi kama katika kuipiga picha ngozi nyeusi, na hakuna mahali ambapo ujinga wa wataalamu uliwadhulumu watu wengi kama hapo. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha za rangi zilipima usahihi wa mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na kilichoonekana sawa katika ngozi yake ndicho kilichohesabiwa kuwa sawa kwa watu wote; matokeo yake ni kwamba katika picha nyingi za rangi watu weusi walionekana macho na meno tu, na sura zao zikapotea katika weusi usio na umbo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Kosa hilo lina ndugu yake ndani ya kamera yenyewe, kwa kuwa kipima mwanga huchukulia kwamba kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kipimo hicho hudanganywa na ukuta, hupunguza mwanga unaoingia, na uso huzama gizani. Fundi anayejua kazi yake hapimi ukuta. Hushika kipima mwanga cha mkononi usoni pa mteja na kupima mwanga unaomwangukia, kisha huiweka kamera kwa mkono wake bila kuiachia iamue.

Hata hivyo kupima sawasawa ni mwanzo tu. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake zaidi kwa vivuli, ilhali ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao, yaani kwa namna inavyourudisha mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye paji la uso na kwenye ukingo wa pua. Kwa kuwa mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, fundi anaweza kuupanga mng'ao huo kwa makusudi: huweka chanzo kipana upande wa mteja, huzunguka nacho hatua kwa hatua, na kutazama mng'ao ukitembea juu ya shavu mpaka utulie pale unapoonyesha mfupa ulivyo. Taa nyingine ndogo huwekwa nyuma ya mteja na kumulika nywele na mabega, ili kichwa cheusi kisimezwe na pazia jeusi. Hapo weusi wenyewe hugeuka kuwa utajiri, wenye daraja nyingi kati ya kahawia, zambarau na samawati, na kila daraja ikaonekana. Kuongeza mwanga mpaka mtu mweusi aonekane maji ya kunde ni kushindwa kazi, na kushindwa huko ni kwa fundi, kamwe si kwa ngozi.

Baada ya mwanga huja umbali wa kamera yenyewe. Wengi hudhani kwamba lenzi ndiyo inayoharibu sura, kumbe ni mahali aliposimama mpiga picha: kamera iliyo nusu mita kutoka usoni huikaribia pua zaidi kuliko masikio kwa kiasi kikubwa, hivyo pua hukua na masikio hurudi nyuma, na ikirudishwa mita 2 tofauti hiyo hupungua na uso hupata uwiano ambao watu wameuzoea wanapoketi kuzungumza. Lenzi ndefu kidogo, kwa mfano za milimita 85 au 105 kwa kamera za filamu ya milimita 35, hupendwa na wapiga picha za nyuso kwa sababu humruhusu fundi asimame kwenye umbali huo wa mazungumzo na bado aijaze fremu. Kwa hiyo hata uchaguzi wa lenzi, unaoonekana kuwa suala la ufundi mtupu, unahusu adabu ya kukaa na mtu, na fundi huamua amwonyeshe mteja wake kama anavyoonekana na rafiki au kama anavyoonekana na mtu aliyemsogelea bila ruhusa.

Adabu hiyo ina historia ndefu katika mwambao wa Afrika Mashariki. Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, kazi ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza. Mombasa ilimjua N. V. Parekh, aliyepiga picha za wanaharusi, familia na vijana waliotaka kuonekana kama nyota wa sinema. Na Lamu ilimjua Omar Said Bakor, aliyekata vipande vya picha na kuviunganisha upya, akiwapa wateja wake mandhari ambazo hakuna dirisha la Lamu lingeweza kuzionyesha. Katika miji hiyo mwanamke aliyevua buibui mbele ya kamera alikuwa anakabidhi amana, kwa kuwa picha ile ilikusudiwa macho ya mume, ya mama au ya shoga wa karibu, na negativu iliyobaki katika droo ya fundi ingeweza kumletea heshima au aibu. Fundi aliyeaminiwa hivyo alilazimika kuwa na ulimi mfupi na mkono mwangalifu, na hakuna kitabu cha ufundi kinachoweza kumfundisha mtu jambo hilo akilikosa katika malezi. Uaminifu nao huzaa sura: mtu anayemwogopa fundi hukaza taya, hubana vidole na kushikilia pumzi, lakini anayemwamini hulegeza mabega, na mwanga uliopangwa kwa saa nzima hupata mahali pa kutua.

Ndiyo maana mazungumzo ni sehemu ya ufundi wa studio sawa na taa. Fundi stadi humwachia mteja muda wa kuzoea chumba, huipa mikono yake kazi ya kufanya, kwani mkono usio na kazi huning'inia kama kitu kisicho na mwenyewe, na huuliza picha itatundikwa wapi na nani ataitazama. Vifaa vilivyowekwa katika studio za zamani, yaani redio, saa ya mkononi, simu, pikipiki ya Vespa ambayo Keïta aliwaazima wateja wake, havikuwekwa kwa ajili ya kudanganya. Vilimpa mtu nafasi ya kutangaza anachokitumaini, na picha iliyotumwa kijijini ilibeba tumaini hilo pamoja na sura.

Ubunifu wa hali ya juu hupatikana kwa mazoezi yanayobana. Zoezi la kale linalofaa kila studio ni kupiga picha yai jeupe juu ya karatasi nyeupe kwa taa moja, mpaka umbo la yai lionekane lote kwa tofauti ndogo za kijivu pekee. Anayefaulu hapo amejifunza kuona vivuli ambavyo jicho la kawaida huvipita. Zoezi la pili ni chupa ya kioo, ambayo haimulikwi kama vitu vingine kwa kuwa hupitisha na kurudisha mwanga badala ya kuupokea. Hapo fundi humulika ukuta ulio nyuma ya chupa, kisha huweka kadi nyeusi kila upande nje ya fremu, na kingo za chupa zikachorwa kwa mistari myeusi iliyo safi. Zoezi la tatu, na gumu kuliko yote, ni fundi kujipiga picha mwenyewe. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13, na mabaki ya filamu ambayo wateja hawakuyamaliza aliyatumia kujipiga picha ili amtumie bibi yake aliyekuwa Nigeria. Kutokana na mabaki hayo ulikua usanii uliomfikisha kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na miaka mingi baadaye, mwaka 2008, akajigeuza mbele ya kamera kuwa viongozi na mashujaa weusi katika mfululizo uitwao African Spirits. Aliyewahi kuketi kwenye kiti cha mteja, akauona mwanga ukimjia usoni na asijue aufanye nini uso wake, hawezi tena kumharakisha mtu mwingine aliyeketi hapo.

Kamera za kidijitali zimeondoa gharama ya filamu, na kompyuta zimempa fundi uwezo wa kufuta doa, kunyoosha pazia na kubadilisha rangi ya ngozi kwa dakika chache. Uwezo huo ni neema unapokamilisha kilichoanzwa na taa, na ni hasara unapochukua nafasi yake, hasa pale ngozi ya mteja inapong'arishwa bila kuulizwa na vinyweleo vyake vyote vikafutwa, akarudishiwa sura isiyo yake kwa bei ya sura yake. Maendeleo ya kweli ya fundi huonekana katika kupungua kwa marekebisho: kadiri anavyoona zaidi kabla ya kubonyeza kitufe, ndivyo anavyohitaji kusahihisha kidogo baadaye.

Kipimo kizuri cha ustadi huo kinapatikana katika kazi ambayo wengi huidharau, nayo ni picha ya paspoti inayopigwa kila siku katika studio ndogo za mitaani. Kanuni zake zinamnyang'anya fundi karibu kila kitu, kwa kuwa pazia halina nakshi, uso hutazama mbele, kivuli hakiruhusiwi ukutani, na tabasamu halitakiwi. Kinachobaki ni ukubwa wa taa, urefu wake, umbali wa kamera, usahihi wa rangi ya ngozi, na maneno machache ya kumtuliza mtu aliyetoka kwenye foleni akiwa na jasho. Na ndani ya uwanja huo mdogo mafundi wawili wanaofuata kanuni zilezile hutoa picha zinazotofautiana mno, moja ikimwonyesha mshukiwa na nyingine ikimwonyesha raia. Fundi wa picha hiyo ya pili, hata kama jina lake halitaandikwa popote, ameishika fani yote ya studio, na vyuo vya sanaa vinavyotaka kuzalisha wasanii wakubwa wa picha vingefanya vyema kuwapeleka wanafunzi wao wakaanze kwake.